Dawa Moja, na Verlyn Akamchagua Mbwa

Shoga yangu Lorna, nimekufa! Ni kwenye mchezo wetu wa mezani, lakini nimekufa, na Verlyn ndo kaniua. Mume wangu wa ndoa!

Jitu limetuangusha mimi na mbwa wangu Biskuti. Dwight, mwendesha mchezo, akasoma kanuni: mtu akianguka anarusha dadu, huenda akapona. Mnyama asipotibiwa hapo hapo, basi, kafa.

Na dawa imebaki moja. MOJA! Anayo Verlyn, maana ndiye mganga wetu.

Akanitazama. Akamtazama mbwa. Akamnywesha mbwa!!

"Verlyn! Mimi mkeo!"

"Wewe una dadu, mpenzi. Mbwa hana."

Nikarusha. Nikafa. Unadhani nimepewa pole? Verlyn ananiuliza Biskuti huwa anapenda kula nini.