Kama faru wa kreta

Nafisa, mimi sifai kuachiwa mtoto.

Unajua Aikande wa dada anatolewa tonsili leo. Jana nikajitia mwalimu: "Usiogope kulazwa usingizi. Faru wa kreta, yule wa hifadhini, anapigwa sindano ya bunduki, analala, anatibiwa, anaamka anaenda zake. Na wewe hivyohivyo."

Leo nesi kaingia, mtoto kazama chini ya kitanda. "Bunduki ameificha wapi? Mjomba kasema!"

NILISEMA. Mpaka mlio niliuigiza, Nafisa. Paa!

Daktari akaniambia, "Mjomba, lala wewe, uvae barakoa ya usingizi aone." Nikalala na viatu vyangu, wodi nzima inacheka.

Mtoto akatoka chini ya kitanda. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji kaninong'oneza, "Mjomba, faru huwa anaamka kila mara?"

Nikamwambia kila mara.

Bado wako naye ndani. Nipigie, sina utani hata mmoja.