Swali la Kumuuliza Nyambura

Jumatatu, 3 Februari
Kosa la wengi ni kudhani mtoto anayesahau ni mkaidi. Hata mwalimu mkuu. Asubuhi nimempa Wangari uji, nikamwambia achukue begi, afunge banda la kuku, anisubiri langoni. Begi alichukua. Kuku wametapakaa kwenye sukumawiki. Mjukuu wangu ana miaka tisa. Hesabu anayoijua leo, kesho haijui. Shule inataka maelezo ya daktari kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nimtafutie shule nyingine. Nina hasira.

Jumatano, 5 Februari
Daktari wa watoto amemtazama usoni kwa makini. Mdomo wa juu mwembamba. Kifereji cha kati ya pua na mdomo hakionekani. Akampima kichwa. Kisha akataja jambo ambalo sikuwahi kulisikia miaka yote niliyofundisha: madhara ya pombe kwa mtoto aliye tumboni. Naliandika nilielewe. Mama akinywa, pombe hupita kwenye kondo la nyuma, ikamfikia mtoto, na ubongo unaojengwa huumia. Hakuna dawa ya kuuponya. Lakini mtoto akieleweka, husaidika. Husaidika! Nimerudi nyumbani Gatitu nikitembea kama kijana.

Ila hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha. Daktari anataka kujua ujauzito ulikwendaje. Nimempigia binti yangu Nyambura, mama yake Wangari, anayefanya kazi kwenye kinu cha mpunga Mwea. Nikamuuliza kama alikunywa pombe. Akasema hapana. Akakata simu.

Jumamosi, 8 Februari
Siku njema mno! Daktari alinielekeza kwa kikundi cha wazazi kinachokutana ukumbi wa kanisa. Nilidhani niko peke yangu. Kumbe ukumbi umejaa. Wekesa, polisi aliyetoka Bungoma, analea mtoto wa marehemu dada yake. Kila alilolieleza nililijua kutoka nyumbani kwangu. Wamenifundisha: agizo moja kwa wakati mmoja. Picha ukutani badala ya maneno. Ratiba isiyobadilika. Nimeuliza maswali hadi chai ikapoa.

Nikawasimulia ya Nyambura. Wekesa akacheka. "Aii, Mwalimu! Umemhoji kama mshukiwa. Hiyo kazi si niachiwe mimi?" Muuguzi anayeongoza kikundi hakucheka. Alisema nisimtajie pombe kabisa. Nimuulize alipewa nini cha kuongeza damu alipokuwa mjamzito.

Jumapili, 9 Februari
Nimechora soksi, viatu, begi. Nikabandika karibu na kitanda. Wangari amevifuata vyote, kwa mpangilio, bila kuitwa. Nimepiga makofi peke yangu jikoni. Jirani akachungulia uani.

Nimemwandikia Nyambura aje Jumatano. Hajajibu. Naogopa.

Jumatano, 12 Februari
Amekuja, na mfuko wa mchele begani. Mbele ya daktari nimeuliza swali la muuguzi. Akajibu papo hapo, bila aibu yoyote. "Si Tata wa Kangema alikuwa ananiletea ile bia nyeusi? Kila jioni. Hiyo haikuwa pombe, Baba. Ilikuwa ya damu."

Tata huyo ni dada yangu. Aliamini anamtunza. Nusu ya wanawake wa huku wangeleta chupa hiyohiyo. Daktari ameeleza polepole: pombe ni pombe, iwe nyeusi au nyeupe, ya chupa au ya kibuyu, na wakati wa mimba hakuna kiasi kilicho salama. Damu huongezwa na vidonge vya kliniki, mboga na maharagwe.

Nikaona uso wa binti yangu ukibadilika. "Kwa hivyo ni mimi." Daktari akamwambia hakuna aliyewahi kumfahamisha. Sijui kama alisikia. Maelezo yameandikwa. Tumepata tulichotafuta, na nilitaka kushangilia, na sikuweza.

Alhamisi, 13 Februari
Mwalimu mkuu amesoma, akasoma tena. Wangari anabaki. Atakaa dawati la mbele, na mwalimu wake atakuja nami kwenye kikundi.

Nyambura aliondoka alfajiri bila kunywa chai. Kikundi kina nafasi yake, lakini hiyo ni ya siku nyingine. Ukungu umeshuka hadi kwenye ua. Nyumba imetulia.

Leo: mpigie simu. Usimtaje mtoto. Muulize amelalaje.