Siku Mtani Alipoikalia Helmeti Yako

Kaka yangu Hamza,

Shikamoo. Hapa bwenini Korogwe, tangu wasichana wagundue kwamba mimi ni mdogo wako, jina langu limekufa. Naitwa Pikipiki. "Pikipiki, uji unapoa!" "Pikipiki, leo zamu yako ya kufagia!" Nainamisha shingo, nacheka kwa ndani, naitika. Wewe uko Moshi, picha yako iko gazetini, na mimi nasifiwa kwa magoti ambayo wala sikuyachubua. Haya ninayotaka kukuambia, kwa mdomo sitaweza. Unanijua. Acha niandike.

Unaikumbuka ile pikipiki ya shamba la mkonge, pale Kabuku? Ulikuwa tarishi, ukipeleka vipuri kutoka karakana hadi kambi za mbali, na Jumamosi ukinipakia nyuma mpaka kwa shangazi Kwedizinga. Penye mchanga wenzako walishuka wakasukuma. Wewe ulisimama juu ya vikanyagio, magoti umeyalegeza, ukanirushia maneno begani: "Usijikaze, Mwaju. Mchanga haugombezwi. Uache upite chini yako." Nilikushika mkanda, nikafumba macho, vumbi likatuingia mpaka kwenye meno. Shangazi alitutazama mlangoni akauliza, "Nyie mmekuja, au mmefukuliwa?"

Kisha kijiji kikahamia barabarani, nyumba zikapangwa mistari, baba akachaguliwa balozi wa nyumba kumi, nawe ukaupata ule mzoga wa pikipiki uliotupwa nyuma ya karakana. Mama aliuita mifupa. Uliufufua kwa waya, na kiti ukakishonea ngozi ya ng'ombe. Mbio zako za kwanza, kule Handeni, ulianguka tuta la kwanza, ukaanguka la pili, ukamaliza watu wameshaanza kula. Ulirudi mdomo umevimba, umebeba mkate, unacheka. "Wa mwisho ndiye anayetazamwa zaidi, mama." Mwaka haukuisha ukaanza kushinda. Ukashinda Handeni, ukashinda Muheza, hadi watu wa klabu moja ya Moshi wakaleta neno: huyu akichukua ubingwa wa mkoa Sabasaba, tunamtaka.

Baba hakufurahi. Zamu zako kwenye shamba la kijiji tulikuwa tunalima mimi na mama, na balozi atahimizaje watu kulima huku mwanawe anarukaruka matutani? Alisema tukiwa mkekani, chakula hakijaisha: "Sabasaba ukishinda, nenda Moshi na radhi zangu. Ukishindwa, hiyo mifupa uifukie, ushike jembe. Nimemaliza." Ulinawa mikono, ukatoka nje kukaza nati.

Siku yenyewe baba alisema yeye haji Korogwe kutazama upuuzi, anakuja kununua jembe. Na kweli alilinunua, akasimama nalo karibu na kamba, uso kama wa mtu anayesubiri basi.

Mwamuzi alikuwa mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu wa filimbi na saa. Alitangaza kwamba asiye na helmeti haanzi. Wewe ukaiweka yako chini ufunge kamba za viatu. Hapo ndipo alipotokea Bibi Nyanzala. Wewe humhitaji nikueleze, ila najua wasichana wa hapa wataisoma hii begani kwangu, basi niseme: ni Mnyamwezi, alikuja na mumewe kukata mkonge enzi za manamba, akabaki. Ni mtani wetu sisi Wazigua, mwenye haki ya kututukana hata msibani na tukacheka.

Aliichukua helmeti yako, akaigeuza huku na huku, akaikalia. Kama kigoda.

"Leo Mzigua atakimbia kichwa wazi," alisema, anajitengeneza khanga. "Kichwa chenyewe kibuyu. Kikipasuka nitachotea maji!"

Watu wakaangua kicheko. Na wewe, kaka, hapo ukakosea. Ulipiga goti ukasema, "Bibi, tafadhali, nakuomba." Nani anamwomba mtani tafadhali? Mtani hanyang'anywi, hakasirikiwi, wala haombwi. Mtani hujibiwa. Bibi akazidi kujikita. "Ananiomba kwa adabu! Tangu lini nimekuwa mkwe wake?"

Injini za wenzako zilishaanza kunguruma. Mwamuzi akaja mbio, akadhani ni wizi, akauliza askari yuko wapi.

"Askari wa nini, ndugu?" watu wakamwambia. "Huu ni utani."

"Na unaisha saa ngapi?"

Hakuna aliyejua. Akaitazama saa yake, akaenda kuchukua bendera.

Ulinitazama. Ulimi wako uliganda, kama kawaida yako ukiwa na haraka. Na mimi, ambaye nikiitwa darasani Kiingereza hunikimbia na Kiswahili kikakifuata, nikasikia mtu anapiga kelele: "Kalia tu, bibi, kalia! Kutoka kwenu Tabora mlikuja kwa miguu, leo umepata cha kukalia unadhani kitakurudisha! Piga teke basi, kiwake!"

Ile sauti ilikuwa yangu.

Halafu uwanja ukalipuka. Bibi alicheka mpaka akaegemea kamba, machozi yanamtoka. "Kumbe huyu bubu ana ulimi! Alikuwa kauficha wapi?" Akainuka, akakuvika helmeti kwa mikono yake, akaigonga konzi. "Haya, kimbia, mtumwa wangu. Ukifa nakuzika bila sanda."

Bendera ilishashuka. Uliondoka wa mwisho, peke yako, katika moshi wa wenzako. Sijui kusimulia mbio. Niliona vumbi, na ndani ya vumbi mgongo wako, kila ukipita umesogea mbele kidogo. Kwenye kona ya mchanga, karibu na mto, wenzako walizama, wakawa wanapiga makasia kwa miguu. Wewe ulisimama ukawapita kama unakwenda kwa shangazi. Mzunguko wa mwisho mtangazaji aliishia kupiga kelele, "Ndugu wananchi! Ndugu wananchi!" na hakuweza kuongeza neno. Ulipovuka mstari nikamtafuta baba. Alikuwa juu ya lori la watu asiowajua, jembe jipya angani, anaimba. Baba yetu, ambaye akikohoa tu watu wananyamaza!

Wiki ile ile ukapanda basi. Sasa umeshinda Moshi, umeshinda Arusha, ukawafuata Wakenya hadi Nairobi ukawashinda huko huko kwao. Picha yako baba ameibandika ofisi ya kijiji. Anasema ni ya kuhamasisha kilimo.

Jambo moja sijakuambia. Pale kwenye kamba, kabla sijafungua mdomo, hesabu yote niliijua. Nikinyamaza, unabaki, nami ninaye wa kumshika mkanda. Nikisema, unaondoka. Niliijua, nikasema. Watu wote walicheka, hakuna aliyejua kwamba ninaaga. Hata mimi nilikuwa nacheka. Sijawahi kufanya kitu kizuri kuliko kile, na nikikikumbuka usiku, blanketi likiwa usoni, nacheka tena mpaka jirani yangu ananipiga mto.

Mama atakutumia habari kwamba nyumba imepoa. Imepoa kweli, sikudanganyi. Usirudi kwa ajili hiyo. Endesha, kaka, mpaka uchoke mwenyewe. Kukuaga nilishakuaga.

Ni mimi, mdogo wako,
Mwajuma