Ratiba ya Sinia la Mama

Nyuma ya soko,
Fatick.
14 Februari

Mpendwa wifi yangu Yandé,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani, na baridi ya huko Turin inakuachia hata kidogo? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi ni wazima. Kaka yako Waly bado anakohoa vumbi la sokoni, ila sauti ya kunigombeza anayo. Mama hajambo sasa, na hilo "sasa" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ulisikia kwenye simu kwamba alipata kizunguzungu akaanguka uani. Ambacho hukuambiwa ni kwamba wiki tatu zilizofuata hakuwa akila. Hospitali walimkuta na sukari na presha. Muuguzi akaniagiza nimpikie chakula chake peke yake, mafuta kidogo, wali kidogo, chumvi ya kuonja tu. Nikafanya hivyo. Nilimnunulia hata sahani mpya yenye maua.

Mama aliitazama sahani ile akaniuliza, "Dibor, nimekuwa mgeni tangu lini?" Akala vijiko viwili, akafunika. Sisi wengine tulikuwa hatua tatu kutoka kwake, tumezunguka sinia la wali mwekundu kwa mafuta. Jioni hatukuwa tukipika kabisa, unajua tabia yetu, kila mtu na mkate wake wa kunde au nyama ya kuchoma ya barabarani. Siku ya nne nikamkuta Mama kwenye benchi la muuza mkate, mafuta yakimchuruzika hadi kiwikoni. Waly akasema ni ukaidi wa uzee. Nami nilisema hivyo hivyo, Mungu anisamehe. Nguo zikaanza kumpwaya.

Kosa letu nililiona Ijumaa moja. Watoto walikuwa wakigombea samaki katikati ya sinia, na kule kwenye mkeka wake nikaona mkono wa Mama umenyanyuka wenyewe, kisha akaurudisha. Wifi, unajua ni nani anayemega samaki nyumbani kwetu. Miaka yote ni yeye anayemvunja na kumsogezea kila mtu kipande upande wake. Tulimpa sahani, tukamnyang'anya kazi. Nilikwenda kulia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Basi nikamwita Oumy, mke wa ndugu yako Ngor, tukakaa na daftari la mwanawe. Nikamwambia kuanzia Jumatatu nyumba nzima itakula chakula cha Mama, sinia moja naye, mchana na jioni, na tutapanga wiki mapema ili mtu asipate kisingizio cha kwenda barabarani. Uwele siku nne, kwa mchuzi wa majani ya mlonge na karanga, au kwa samaki wa kuchemsha. Kunde siku moja. Wali mara mbili tu, Jumapili na Ijumaa. Hapo vita vikaanza, maana tunapika kwa zamu, na unamjua Oumy, sifa yake mtaani ni wali.

"Yaani zamu yangu iangukie majani?" akaniuliza. "Wewe upate Ijumaa, mimi watu waseme mke wa Ngor kaishiwa?"

"Chukua Ijumaa. Chukua na Jumapili. Majani nitapika mimi."

Akachukua daftari, akaondoka. Kesho yake alikuja mwenyewe kusema tugawane sawa, asije akaonekana yeye ndiye anayemuua mkwewe.

Wanaume walinung'unika. Ngor alikula uwele kama anayemeza dawa. Jumanne akaja mzee Sall, yule mtani wetu Mfulani, saa ya chakula kama kawaida yake. Akachungulia sinia. "Ama kweli Waserer mmeishiwa. Haya si majani ya mbuzi?"

"Ndiyo maana tumekuita, mtumwa wangu," Mama akamjibu. "Kaa ule."

Ilikuwa siku ya pili tu tangu Mama arudi kwenye sinia. Alikula mpaka akakwangua upande wake.

Leo ni wiki ya tano. Waly nimemnusa harufu ya nyama ya kuchoma mara mbili, na kupika mchana na jioni kunachosha, sitakuficha. Lakini sukari imeshuka na muuguzi ameridhika.

Jambo moja limenishinda. Mama akishatugawia samaki, kipande cha mwisho anakiweka upande usio na mtu. Mara ya kwanza nilidhani amekosea. Akasema, "Hicho cha Yandé." Kinakaa hapo mpaka tumalize, kisha anakila yeye ili kisitupwe. Muuguzi amesema kipande kimoja kwa mlo. Kila nikitaka kumwambia, mdomo unakuwa mzito.

Nisalimie shemeji na watoto. Waly, Ngor na Oumy wanakusalimu, na mzee Sall anasema anakudai zawadi. Mungu akufunike kwenye baridi hiyo na akufungulie njia ya kurudi. Miaka sita ni mingi, wifi. Njoo ule kipande chako mwenyewe.

Wifi yako akupendaye,
Dibor