Kwa Verlyn Haugstad, Uliyetoka Nje Ili Makorongo Washinde

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu Jumamosi ile ya Desemba ulipovaa koti lako, ukasema, "Haya, natoka, nisije nikawaharibia," ukafunga mlango taratibu, usirudi tena. Mwaka mzima, na bado hatujaamini. Mama akisikia gari linakata kona anabandika maji ya kahawa, kisha anakumbuka, anazima jiko.

Anayeandika ni mimi, Marit, binti yako. Mama yuko hapa ubavuni ananisahihisha kila mstari, na mdogo wangu Loren amekaa kwenye ngazi akijifanya anafunga viatu. Kwa hiyo nikitia chumvi mahali, walaumu na wao.

Mji wa Aldrup unakukumbuka kwa joto. Sijui kama ipo nyumba hapa ambayo hukuwahi kushuka chumba chake cha chini, tochi mdomoni, kuufufua mtambo wa kupasha nyumba moto. Siku ya mazishi bibi Solveig Brandvold alisimama akasema, "Alinitengenezea mtambo mkesha wa Krismasi. Nikamuuliza, Verlyn, nikupe nini? Akasema, kipande cha keki ile, ila usimwambie Ardis." Mama, kwenye benchi la mbele, akasema kwa sauti, "Nilijua." Kanisa zima likacheka, na mchungaji naye.

Sisi lakini, Baba, tunakukumbuka kwa gundu.

Ulipokuwa mwanafunzi uliichezea Makorongo, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi, na mwaka ule hawakufungwa na mtu mpaka fainali. Kwenye fainali mpira ukakuponyoka mikononi, hatua chache tu kabla ya mstari, mkafungwa. Wenzako walisahau. Wewe ulilibeba jambo lile kama mtu aliyeiba sadaka. Tangu siku hiyo ukaamini kwamba Makorongo wakibanwa na wewe unawatazama, watafungwa tu. Basi mchezo ukipamba moto ulitoka ukakaa kwenye pikapu yako uani. Redio hukuifungua. "Redio nayo ni macho," ulisema. Tukifunga bao, Mama aliwasha na kuzima taa ya barazani, nawe ulijibu kwa honi moja. Hivyo ndivyo ulivyotazama mpira maisha yako yote.

Tulikutania mpaka tukachoka. Loren alikuuliza siku moja, "Baba, wale vijana ni majitu, kila mmoja kama friji. Wewe umekaa sebuleni na soksi zako, unawaangushaje?"

"Ungekuwepo siku ile usingeuliza," ukamjibu, ukaenda zako garini.

Msimu wa mwisho wa maisha yako, Makorongo walishinda mchezo wa kwanza, wakashinda wa pili, wakaendelea hivyo hivyo mpaka theluji ikaanguka. Mjini hakuna aliyethubutu kulitamka neno lenyewe. Ukiulizwa habari za timu ulijibu, "Wanajitahidi," ukabadilisha mazungumzo. Jirani yetu Duane Pribyl aliropoka kwa kinyozi kwamba timu haijafungwa, na kinyozi akamtoa kitini na nusu ya kichwa. Alivaa kofia mpaka Jumatatu. Ulimcheka, lakini ulisema kinyozi alifanya sawa.

Fainali ilichezwa mbali, kusini huko Texas. Chuo kiliwatengea wachezaji wa zamani nafasi kwenye basi, ukakataa. "Mnataka niwapelekee gundu mpaka mlangoni kwao?" Tukakaa nyumbani mbele ya televisheni sote wanne, na chapati za viazi za Mama, na jibini. Kabla mpira haujaanza Mama alikuomba jambo moja tu.

"Baba Marit, leo kaa. Washinde, wafungwe, kaa na mimi."

Ulijaribu, tuliona. Ulikaa mpaka robo ya tatu huku umeng'ang'ania mkono wa kiti. Tulikuwa nyuma bao moja. Ukainuka, Mama akakushika mkono wa koti.

"Ardis, niachie. Vijana hawa wasije wakabeba nilichobeba mimi."

Akakuachia. Mpaka leo anautazama mkono wake ule kama si wake.

Hukukaa sana huko nje, Makorongo wakafunga. Mama akawasha taa, ukapiga honi. Tulicheka sana. Loren akasema, "Mfungieni mlango, asiingie mtu." Hata Mama alicheka. Baridi ilikuwa kali, na kila mmoja wetu alifikiri kwenda kukuletea kahawa, lakini timu ilikuwa inasonga mbele, na kwetu timu ikisonga mbele hakuna anayehama mahali pake. Hakuna aliyeinuka, Baba. Dakika za mwisho wakafunga tena, wakawa mabingwa bila kufungwa hata mara moja, jambo ulilolingoja tangu ujana wako.

Mama akawasha taa, akazima. Akawasha tena.

"Hajibu," akasema.

"Analia huyo," Loren akasema. "Mwache mzee alie kwa raha zake."

Tukakuamini wewe na furaha yako, tukamimina kahawa. Mama hakunywa. Alitoka na ndala za ndani kwenye theluji, nasi tukasikia anakuita, na tukajua kwa sauti tu kwamba hamwiti mtu aliye hai. Kengele za kanisa zilikuwa zinalia kwa ajili ya ushindi. Mji mzima ulikuwa unapiga honi. Gari letu peke yake lilikuwa kimya.

Daktari alisema ni moyo, ulikwenda haraka, hukuisikia baridi. Tunamshukuru. Lakini mtu aliyeupasha moto mji mzima kufia kwenye gari la baridi, peke yake, watu wake wako hatua chache wanashangilia: hilo hatujaweza kulimeza, na sijui kama litamezeka.

Wachezaji walikubeba wenyewe, na jezi zao juu ya makoti. Watu walitupa mkono wa pole. Duane naye, kwa nia njema kabisa, akamwambia Mama, "Verlyn hajawahi kukaa nje muda ule, mama. Ndiyo maana tulishinda." Maneno yakaenea. Mpaka ikasemwa kichongwe kibao cha jina lako uwanjani, mtu aliyetoka nje kwa ajili ya timu.

Mama alikataa. "Mume wangu si kafara ya mpira," aliwaambia. Kisha akarudi nyumbani, akaketi na koti lake bado mwilini, akasema kile kilichokuwa kinamla: "Kama angekaa, angefia mikononi mwangu. Alinikimbia kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo, na mji mzima unampigia makofi."

Septemba, mchezo wa kwanza wa msimu mpya, Mama alisema twende uwanjani. Tulishangaa. Wageni wenyewe walikuwa timu dhaifu, wengi wa mabingwa wetu walikuwa wamerudi, na watu walikuja kusherehekea. Makorongo walifungwa, Baba. Walifungwa vibaya, mpira ukiwaponyoka kila mara, mpaka bendi ikaacha kupiga. Duane alikuwa nyuma yetu, kichwa mikononi.

Mama akageuka polepole.

"Duane, Verlyn yuko wapi leo?"

"Ah, mama. Si makaburini?"

"Hakuwatazama?"

"Hakuwatazama."

"Basi nani kawafungisha?"

Mama akaanza kucheka, kisha akalia, akalia kama hakuwahi kulia hata siku ya mazishi. Alinishika mkono akasema, "Ningemng'ang'ania. Ningemng'ang'ania lile koti mpaka lichanike."

Unakumbukwa na mkeo Ardis. Na wanao, mimi Marit na Loren. Na bibi Solveig, ambaye mtambo wake umezimika tena na hataki fundi mwingine. Na jirani yako Duane Pribyl, aliyekuja mwenyewe kuomba jina lake liwekwe hapa.

Mama amenizuia kuongeza lolote, ila hili tu: hukuwa wewe, Verlyn. Hukuwa wewe hata siku moja, na ungeweza kukaa. Tutakukumbuka siku zetu zote.