Dada Justa Kagawa Mbegu

Noela, pokea simu! Haya, basi soma.

Unakumbuka dada Justa alivyojifungia ndani miezi yote ile, haogi, chakula hataki? Juzi kaamka anacheka, anagawa vitu vyake. Mama akaenda kanisani kushukuru, eti amepona.

Leo kaja kwangu hapa Mfaranyaki na mbegu zake za mahindi. Zote! "Panda wewe, mdogo wangu." Noela, mvua hizi hapa, nani anagawa mbegu?

Nikamuuliza bila kuzunguka: "Dada, unataka kujiua?"

Akajibu, "Ndiyo." Ndiyo, Noela! "Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Tukapanda bodaboda mshikaki, sisi wawili nyuma ya dereva, mpaka hospitali. Daktari anasema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, una tiba. Kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungua mdomo. Kamlaza. Mama yuko naye, haruhusiwi kumwacha peke yake hata dakika.



Sasa yule tetea aliyekupa dada Jumapili, hujamchinja? Usimchinje, nakuomba. Wakati natoka wodini dada kaniuliza kama ameshaanza kutaga.