Baka Lililouma na Baka Lililonyamaza: Kumkumbuka Mama Fumba

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipoketi kwenye benchi la wagonjwa wako, ukasema unapumzisha miguu kidogo, na hukuinuka tena. Mhudumu wa mapokezi alidhani umesinzia. Alikufunika mabega kwa koti lako jeupe, akawaomba watu wapunguze sauti, Mama Fumba amechoka.

Ndivyo walivyokuita, nawe ulijifanya hupendi. Kila aliyeingia kwenye chumba chako cha kliniki ya ukoma alisikia maneno hayo kabla salamu hazijaisha: "Fumba macho." Kisha ulimgusa kwa ncha ya kalamu, hapa mkononi, pale mguuni, naye aonyeshe kwa kidole ulipomgusa; asipohisi, ulijua ukoma upo. Nyumbani nako hatukupona. Mumeo akijikuna tu, umeshamshika kiwiko unapapasa mshipa wa fahamu.

"Mke wangu, nimeumwa na mbu."

"Hayo atayasema mbu mwenyewe. Fumba macho."

Ulikuwa mpole kwa watu waliozoea kukwepwa. Uliwashika mikono, ukawauliza habari za watoto kwa majina. Chai yako uliinywa imeshapoa, kwa sababu kila ulipoimimina mtu alibisha hodi.

Lakini leo tunakumbuka siku uliyoogopa. Mdogo wako, msusi, ametuomba tuiandike.

Ilikuwa miaka kadhaa kabla hujatuacha. Yeye alikuwa amemaliza dawa za ukoma miaka mitatu na kitu nyuma, amepona, amefungua saluni yake ya viti viwili na kioo kirefu. Siku hiyo alikuwa anamsuka mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, kitana kikamponyoka. Akakiokota. Kikamponyoka tena.

"We dada," mwalimu akasema, "leo unanisuka au unanibembeleza? Mbona nywele zimelegea hivi?"

"Tulia. Kichwa chako ndicho kigumu."

Alicheka, ila kwenye kioo alikuwa ameliona shavu lake. Baka la zamani, lililokuwa limefifia hadi yeye mwenyewe alilisahau, lilikuwa limevimba na kuiva kama limemwagiwa maji ya moto. Kiwiko kilikuwa kinawaka moto tangu asubuhi. Hajui hadi leo alikimalizaje kichwa kile. Alifunga saluni, akaja kwako nyumbani kwa miguu, amejifunika kitambaa hadi puani.

"Dada, umerudi."

"Nani?"

"Usinifanye nitamke."

Hakutaka kukaa kitini. Alijikunyata sakafuni karibu na mlango, mbali na vyombo, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Inuka hapo," ulimwambia. "Kiti hakijakukosea."

Ulimgusa shavu kwa mgongo wa kiganja. Lilikuwa la moto. Ukambonyeza taratibu nyuma ya kiwiko, akapiga yowe hadi mumeo akatoka chumbani na bisibisi mkononi, redio ya mteja aliyokuwa anaitengeneza ameiacha wazi.

"Inauma sana?" ukamuuliza.

"Dada! Inauma kama jino!"

"Afadhali."

"Afadhali nini sasa?"

Ukamweleza, na tuliokuwepo tulisikia. Ukoma ukirudi, ulisema, mara nyingi huja kimyakimya, miaka mingi baadaye, kama mpangaji anayeingiza vitu vyake kidogokidogo mwenye nyumba asijue. Huu ulikuja kwa kelele, kwa joto na maumivu. Hao ni askari wa mwili wake mwenyewe, wamekuta mizoga ya vijidudu vilivyokufa zamani, wakacharuka, sasa wanapiga risasi ndani ya nyumba. Huo wewe uliuita mcharuko. Na mshipa wa fahamu ulikuwa katikati ya vita hivyo.

"Na kama umekosea?" mdogo wako akauliza.

Ulijimiminia chai. Kikombe kikajaa, nawe ukaendelea kumimina. Chai ikafurika kisahanini.

"Dada, unaogopa?"

"Wagonjwa wengine sikuwabeba mgongoni," ulisema. "Wewe nimekubeba."

Hukumficha chochote. Dawa ya mcharuko huwatuliza askari. Kama kweli ni vijidudu vilivyorudi, basi umeviondolea walinzi njiani. Na kama mngesubiri hadi muwe na hakika, mshipa ungekufa, vidole vingekunjika, na msusi asiye na vidole atashika nini? Ulimpeleka kwa daktari mchana uleule. Daktari alipima, akakubaliana nawe, akaandika prednisoloni, na akasema lile uliloliogopa: mcharuko utatulia kwa dawa hizi, usipotulia, tumekosea.

Mdogo wako alihamia kwetu. Alikuwa anaamka na kukimbilia kioo, analitazama shavu kama mtu anayetazama mlango wa mtu mbaya. Alitenga kikombe chake. Wewe ukawa unakinywea makusudi, bila neno, huku unamtazama. Na kila asubuhi, kabla ya kazi, mlikaa kwenye meza ya jikoni. Yeye alibana kipande cha karatasi katikati ya vidole, wewe ukakivuta. Kikachomoka. Kesho yake kikachomoka. Ulikuwa unasema "tutaona," unachukua mkoba wako, na tulikuona ukisimama nje ya mlango kwanza kabla ya kwenda.

Halafu asubuhi moja ulivuta, karatasi ikachanika. Nusu ilibaki kwako, nusu ikabaki vidoleni mwake. Mlitazamana. Ukaenda bafuni, ukafungulia bomba kwa muda mrefu, ukatoka na macho mekundu.

"Sabuni," ulisema.

Kidole chake cha mwisho hakikunyooka tena vizuri. Vingine vilirudi kazini.

Mama, mwaka huu woga umerudi bila wewe. Binti yako alikuwa anamfungia mama yake mdogo zipu ya gauni, akaona baka jipya nyuma ya bega. Limefifia rangi, kavu, pana kama kiganja. Hakuna aliyejua limekuwepo tangu lini.

Mumeo alipumua kwa nguvu, akatabasamu. "Shemeji, huo ni mcharuko tu. Si tuliuona? Marehemu alitutoa wasiwasi." Akaenda kabatini, akarudi na vidonge vilivyobaki wakati ule, na glasi ya maji. Alifanya kwa upendo. Sote tulitaka awe amesema kweli. Tulitaka sana.

Mdogo wako alivishika kiganjani. Alikuwa ameshafungua mdomo.

"Shemeji, mbona haliumi?"

"Si heri?"

"Dada aliposikia linauma ndipo aliposema afadhali." Akaviweka mezani. Akamgeukia binti yako. "Chukua kalamu. Mimi nafumba macho. Niguse juu ya baka, nami nitakwambia."

Alisubiri, kichwa ameinamisha, midomo imebana.

"Haya, anza basi."

Binti yako alikuwa analia. "Nimeshamaliza, mama mdogo."

Hakuna aliyemeza kitu siku ile. Walikwenda kliniki asubuhi, wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Daktari wa sasa ni kijana, hamkupata kufahamiana. Alipapasa mishipa, akakwangua ngozi kidogo sikioni na kwenye baka, akapeleka maabara. Majibu yakatoka: vijidudu vipo. Safari hii ni ukoma wenyewe uliorudi. Alisema vile vidonge vya kabatini, vikimezwa peke yake, vingeupa nafasi ya kusambaa huku sisi tukijipongeza. Akasema pia kwamba unatibika, kama ulivyotibika mwanzo, na akampa vidonge vya kwanza palepale, akamtazama akimeza.

Mdogo wako anaogopa. Anaogopa usiku, anaogopa akisuka. Sisi pia tunaogopa, na tumeona tukwambie wewe kuliko kujifanya mashujaa.

Siku ile daktari alipokuwa anaandika, aliuliza, "Wengi huja wameshapoteza vidole. Baka haliumi, haliwashi, wanaliacha. Wewe nani amekuharakisha?"

"Nimeletwa na dada yangu."

Daktari akatazama mlangoni. "Mwambie basi aingie, asisimame huko koridoni."

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi redio, ambaye kila kinachomuuma anakitaja kwa sauti hata kama hakuna wa kumjibu. Binti yako, ambaye amejifunza kupapasa mshipa wa kiwiko. Mdogo wako msusi, anayemeza dawa zake. Wafanyakazi wenzako wa kliniki. Na wote uliowahi kuwaambia wafumbe macho.

Daima tutakukumbuka, Mama, na tukiogopa tutakukumbuka zaidi.